Maji Yana Wenyewe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya kuzaliwa kwa wanangu. Ni asubuhi moja kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa la milimani, huko magharibi mwa Uganda, karibu kilomita mbili juu ya usawa wa bahari yetu. Tulikwenda wawili, kila mtu na begi lake mgongoni. Nilirudi peke yangu, na mabegi mawili.

Nakueleza haya kwa sababu nawaona vijana wa siku hizi mkionyeshana kwenye simu picha za visiwa vya mbali, na mabegi mmeshayafunga. Sikukatazi. Kutembea ni elimu, na mimi niliyeishia darasa la nane, mengi ninayoyajua nimeyapata kwa kutembea na kusoma. Ila nisikilize kwanza.

Wakati ule nilikuwa mwokoaji wa waogeleaji ufuoni Diani. Kutwa nikikaa kwenye kiti kirefu, filimbi shingoni, nikiwatazama wageni wa hoteli. Wengine walikuwa wakijitosa baharini bila kumuuliza mtu kama maji yanajaa au yanatoka, nami nikiwatoa huku nikiwacheka. "Bahari ina wenyewe, bwana," nilikuwa nikiwaambia. "Mbona hukuuliza?" Niliisema kauli hiyo mara nyingi hata Athumani, rafiki yangu tuliyekua pamoja Msambweni, akawa ananiigiza mbele ya watu.

Athumani alikuwa fundi cherehani. Kuogelea alijua, lakini hakuwa hodari. Safari ilikuwa wazo langu. Mabegi tuliyanunua kwa wauza mitumba Kona ya Musa, naye akaishona upya mikanda yake kwa uzi wa nailoni, mishono miwili miwili, isije ikatukatikia njiani.

Mzee aliyetuvusha kwa mtumbwi alikuwa mwenyeji wa kisiwa. Alituonyesha pa kupiga hema na pa kuteka maji, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mkitaka kuoga, mniambie. Nitawapeleka upande wa pili."

"Mzee, sisi tumezaliwa baharini," nikamjibu. "Hili kwetu ni dimbwi."

Akanitazama kidogo. "Dimbwi," akasema. "Haya, watu wa bahari." Akaenda zake.

Asubuhi ya pili tulizunguka kisiwa kwa miguu, tukipanda na kuteremka. Hewa ya huko ni nyepesi, na pumzi zilituishia upesi. Ukungu ulipoondoka tulikuwa tumefika kwenye ukingo wa nyasi. Maji yalikuwa meusi, hayana hata kiwimbi. Nilivua nguo nikajitosa, nikaibuka nikitweta kwa baridi, nikajifanya si kitu. Athumani alisimama ukingoni, nguo kashazivua, mikono kaikunja kifuani.

"Yule mzee alisema tumwambie," akasema.

"Maji ni maji, Athu. Au unaogopa dimbwi?"

"Bahari ina wenyewe, bwana!" akaniigiza, sauti yangu hasa. "Mbona hukuuliza?"

Tulicheka sote. Nami, mwanangu, nikamtupia methali: "Maji ukiyavulia nguo, yaoge!"

Akaingia.

Kwetu mtu hutembea hatua nyingi baharini kabla maji hayajamfika kifuani. Pale, hatua ya pili haikuwa na chini. Nami nilikuwa nimeshampa mgongo, nikijionyesha ninavyokata maji. Nilipogeuka, ziwa lilikuwa limetulia kama mwanzo. Nilipiga mbizi mara nyingi, mpaka masikio yakauma na miguu ikafa ganzi. Chini kulikuwa giza tupu, na mikono yangu haikushika kitu. Mimi, mwokoaji.

Mzee alisikia mayowe yangu, akaja na wenziwe na kamba. Walimpata alasiri. Hakunikemea. Alisema tu, "Upande wa pili maji ni ya magoti. Hapa hata watoto wetu hawaogi."

Baadaye nilitafuta vitabu, nikasoma. Nilijifunza kwamba chumvi ndiyo inayotubeba zaidi baharini. Kwamba kingo za maziwa mengine ya milimani hushuka wima. Kwamba baridi ya ghafla humkata mtu pumzi hata asiweze kupiga kelele. Lakini mzee yule lile lililotosha kutuokoa alilijua bila kitabu, na alikuwa tayari kuniambia bure.

Tulimzika katika mji ulio chini ya milima, akaswaliwa na watu wema wasiomjua. Begi lake nilimpelekea mama yake, Bi Mwanasha, ambaye habari alikuwa ameshazipata kwa simu. Aliipapasa ile mishono ya mwanawe, kisha akaniuliza jambo moja: "Mlimuuliza mwenyeji?"

Uongo ulinifika ulimini. Nikaumeza. "Alitutaka tumwambie, mama. Athumani alinikumbusha. Mimi ndiye niliyekataa."

Alilivuta begi kifuani. "Basi mwanangu alikuwa anasikia," akasema. "Alhamdulillahi." Begi lingali limetundikwa ukutani kwake, na kaburi hajaliona mpaka leo.

Mwanangu, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ujuzi wa kwenu ni wa kwenu. Ukivuka mpaka wewe ni mgeni, hata kama nyumbani unaitwa bingwa. Ufikapo, salimu kwanza, kisha uliza: wapi panaogwa, wapi panalalwa, wapi hapakanyagwi. Ukijibiwa, shika. Na mwenzio akisitasita ukingoni, usimcheke, huenda yeye ndiye aliyesikia. Methali za wazee ni taa. Usizifanye fimbo ya kumsukumia mtu gizani.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akuepushe na ulimi kama wangu wa siku ile, na akurudishe kwa mama yako wewe na kila uliyeondoka naye. Amin.