Idi Niliyopikia Mbegu

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunijia hata nikiwa nimesinzia. Nilikuwa mke mgeni pale Tungue, nami nimeketi jikoni kwa mama mkwe, nautazama moshi ukipanda polepole hadi kwenye mahindi yaliyoning'inizwa juu ya meko. Yale hayakuwa ya kula. Ilikuwa mbegu, moshi unailinda na mdudu dumuzi. Mama mkwe aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake.

Mwaka ule tuligawiwa mbegu mpya. Ilizaa mahindi manene, nikawa natembea shambani kama niliye ndotoni. Nikayaona yale ya juu ya meko kuwa uchafu tu, madogo, meusi kwa moshi. Ujana una kiburi chake, na mimi nilijaliwa kingi. Idi ilipofika, wakwe wakaja kutoka Rongui, nami nilitaka sifa. Mahindi mapya nikayaweka ya kupanda. Ya zamani nikayashusha, nikayapukuchua, nikatwanga. Ugali ulisifiwa sana.

Mvua zilizofuata nilipanda yale mapya niliyoyaweka. Yakaota shaghalabaghala, mmea huu mrefu, huu umedumaa, na mahindi mengi bila punje. Mama mkwe akaniambia nishushe mbegu yetu, tuwahi kupanda upya kabla mvua haijakatika. Nikamjibu kwamba tuliila siku ya Idi.

Hakunipigia kelele. Akasema, "Ile haikuwa yako wala yangu, mwanangu. Umekula cha wajukuu ambao hujawazaa."

Akanituma nikaombe mwenyewe. Kwetu mwomba mbegu hukaa chini mlangoni, akaeleza yake ilipotelea wapi. Nilieleza nyumba nne, nalia. Ya tano wakanipa, tukala mwaka ule. Lakini haikuwa ile. Ile niliitafuta hadi vijiji vya bara, sikuipata, na mama mkwe alikufa hajaionja tena. Bado inaniuma.

Sasa nyinyi mliohamishiwa kijiji kipya cha Quitunda nawasikia mkibishana. Huyu anasema mbegu zilizobadilishwa maabara zitatuokoa na ukame na wadudu, yule anasema ni sumu. Mimi sijui, na wengi wanaopiga kelele hawajui pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbegu hiyo nayo ni mgeni: mpokee, ila mpe pembe moja ya shamba kwanza, umtazame. Muulize mtaalamu anayeileta kama punje zake zinafaa kupandwa tena mwakani, na kama unaruhusiwa kuziweka. Akisita, ujue kila msimu utarudi kwake. Na mbegu yako ya zamani usiile, hata kwa mgeni wa heshima. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenyezi Mungu akushushie mvua kwa wakati wake, aitie baraka mikono yako, na siku wanao watakapokuomba mbegu, uwe nayo ya kuwapa.