Tulipopiga Magoti Korogwe

Dada yangu mkubwa aliugua akili baada ya kumzika mwanawe wa pili. Pale kijijini kwetu Misima tulikwisha kumzoea. Siku nyingine analima kutushinda sote, siku nyingine anaondoka tu, popote miguu inapompeleka. Safari hiyo ilimfikisha Manundu, pale Korogwe, akaingia duka la Mhindi, akamwaga gunia zima la chumvi barabarani. Askari wakamtia mahabusu Korogwe. Tukasikia serikali itampakia treni, apelekwe hospitali ya wendawazimu, huko mbali ambako kwetu hakuna aliyekwenda akarudi.

Wanaume wakasema mambo ya boma hawayawezi. Wee! Kugawana mahari wanaweza. Basi tukakusanyana wanawake, hata wale waliokuwa wakimcheka dada kisimani, shangazi akawa msemaji wetu. Tukaenda kwa miguu, tukilala kwa watu njiani.

Kwanza tulimwendea mwenye duka. "Mama, mimi nimesamehe zamani," akamwambia shangazi. "Yule mgonjwa." Akafunga duka, akafuatana nasi bomani. Nikaona dada tumeshampata.

Sisi Wazigua, ukienda kumwombea mtu huanzi kwa kumtetea. Unapiga magoti, unajitwika kosa wewe, mkubwa anakwambia inuka, ndipo maneno yenyewe yanapoanza. Shangazi akafanya hivyo hivyo mbele ya Mzungu, mkuu wa boma. "Shikamoo, bwana. Tumekosa sisi. Sisi ndio tulioshindwa kumtunza." Karani akatafsiri. Tukangoja tuambiwe tuinuke, tueleze tulivyopanga: kila siku nyumba moja itakaa naye, ataongozana nasi shambani na mtoni, hatatoka peke yake tena.

Mzungu akasema maneno machache, karani akatugeuzia: "Bwana anasema, kwa kuwa mmekiri wenyewe mmeshindwa kumtunza, serikali itamtunza."

"Bado hatujasema!" shangazi akapiga kelele, magoti yake bado chini. Askari wakatutoa nje, na yule Mhindi pamoja nasi, hata neno lake moja hawakulisikiliza.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, tumefundishwa hivyo tangu utoto. Tuliinama, tukapata nini? Mzungu hakuijua desturi yetu, sawa. Lakini karani alikuwa Mzigua mwenzetu, mtoto wa Handeni, mama yake amepiga magoti hivyo hivyo mara ngapi! Alijua kabisa hatujamaliza, akanyamaza, akakunja karatasi zake. Huyo simsamehe, hata kaburini.

Tulimwona dada stesheni, kafungwa mikono, askari kamshika bega. Tulikuwa tunalia sote, yeye halii. Akatutazama mmoja mmoja, akakasirika.

"Mmekuja wote? Mashamba mmemwachia nani? Ngedere watamaliza mahindi!"

Wakampandisha treni. Ndiye huyo waliyesema hana akili, na hatukumwona tena.