Siku Niliyomwondoa Mama Kazini

Mama alikuwa opareta wa simu katika posta ya Meru. Aliketi mbele ya ubao wenye matundu, vipokezi masikioni, akichomeka nyaya kuwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona. Sauti zao alizijua, hata zikiwa na mafua. Siku moja mwalimu mmoja wa huko Kiirua alipiga akilia: mkewe alikuwa amejifungua na damu haikatiki, na daktari hayuko nyumbani. Mama alimsaka daktari kwa simu, hoteli baada ya hoteli, akampata kwenye mkutano wa kanisa. Mwanamke yule alipona. Msimu wa viazi walituletea gunia zima.

Kwa sababu yake nilisomea ufundi wa simu. Nilikuwa msichana pekee darasani. Nilipoajiriwa, kikosi chetu kilipewa kazi ya kufunga mitambo mipya, ile ambayo mtu anazungusha namba mwenyewe bila kuunganishwa na yeyote. Tulianzia Embu, kisha tukapangiwa Meru.

Nilimweleza Mama jikoni, akichambua maharagwe.

"Naweza kuomba wanipeleke kwingine," nikasema.

"Ukikataa, mashine haitakosa kuja. Wataleta fundi mwingine tu." Akapepeta kwa ungo. "Heri uwe wewe."

Siku ya kuhamisha laini alivaa sweta yake ya Jumapili. Mimi nilikuwa nyuma ya ubao na koleo. Mbele nilimsikia bado anazungumza na mtu: "Subiri kidogo, mzee, nakuunga..."

Nikakata.

Alivua vipokezi, akavipangusa kwa leso, akaniuliza aviweke wapi. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

Mitambo ile ilinipa maisha. Nilipanda cheo, nikajenga nyumba mtaa wa Dallas kule Embu, nikafundisha wasichana wengi kazi hiyo, na leo wako wenye ofisi zao. Siwezi kuyatukana maendeleo. Lakini Mama, aliyezoea kuzungumza kutwa na wilaya nzima, alipungukiwa na maneno. Nilimwekea simu sebuleni. Ikilia, anatoka kwenda kutazama kuku. Kanisani walimwomba asome matangazo, akakataa.

Kila Krismasi nilikwenda nyumbani nikikusudia kumuuliza kama alinichukia siku ile. Tulikula, tukacheka na wajukuu, kisha nikawasha gari. Tulimzika wakati wa mvua, na swali lenyewe sikuwa nimeliuliza.