Gari Nimeliona, Sasa Nikuone Wewe

Kwenye treni ya St Marys, majimbo yakiwa yamefungiana mipaka kwa sababu ya korona, nesi mmoja Mkenya alikuwa akinunua gari jipya kwa simu ya video. Muuzaji alikuwa Brisbane, ng'ambo ya mpaka. Alishaonyesha viti, buti, hata injini ikinguruma.

Mumewe akanong'ona, "Tuma arubuni basi, mwingine atalichukua!"

"Ngoja." Akamgeukia muuzaji kwa Kiingereza: "Gari nimeliona. Sasa toka nje ya gari, vua barakoa, nikuone wewe."

Behewa zima tukageuka kutazama. Jamaa akatoka, akavua. Nesi akamkazia macho, kidole kikielea juu ya kitufe cha kutuma pesa.

"Na wewe je?" jamaa akauliza.

Kushusha barakoa ndani ya treni kulikuwa kosa la faini. Nesi akatutazama, akaishusha.

Mimi, mkemeaji wa abiria wasiovaa barakoa, nikageukia dirishani.