Shujaa Aliyeiba Zamu ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Ibra, Omani, mkurugenzi wa vitabu vya watoto alinikabidhi riwaya moja ya Kiingereza niifasiri kwa Kiarabu, kwa majaribio. Nilikuwa nimetoka Unguja, Kiingereza changu kizuri, Kiarabu changu cha kuokota. Nisingefaa, ningerudi na wanangu kukaa kwa kaka yangu na kula kwa hisani ya wifi. Hilo lilininyima raha.

Mtunzi alikuwa amekufa kabla baba yangu hajaoa. Alikuwa mwalimu mwenye pumu, kwao kwenye baridi, aliyeandika mwanzoni mwa karne iliyopita visa vya wavulana jangwani, ambako hakuwahi kutia mguu. Jangwa alilijua kwa ramani na hadithi za mabaharia. Nilimpenda. Desturi yetu ilikuwa mfasiri aandike na dibaji, maneno ya mwanzo ya kuwaeleza watoto maisha ya mtunzi.

Mkurugenzi, mwenye shamba lake la mitende, alisoma rasimu yangu mpaka pale shujaa anapozibua falaji, ule mfereji wa mashamba, ajaze viriba vyake. Akavua miwani.

"Bi Zuwena, hii zamu ya nani?"

"Zamu gani, bwana?"

"Ya maji! Wallahi huyu si shujaa, harami huyu, mwizi! Hapa ndugu huacha kusalimiana kwa jambo kama hili. Futa sura yote!"

Mimi na marehemu tulizaliwa penye mvua, wala haikutupitikia kwamba maji ya falaji hugawiwa kwa zamu. Lakini kufuta nilikataa.

"Marehemu hawezi kujitetea, bwana. Niache niseme kwenye dibaji kuwa hakupata kuiona falaji. Watoto watamsahihisha wenyewe."

Siku chache baadaye akanipeleka shule moja ya Bidiya, niwasomee watoto mbele yake. Nilipofika penye falaji, darasa zima likapiga kelele, likiniita kama waitavyo mwalimu wao:

"Abla, haramu! Arudishe maji!"

Nikajua kazi imekwenda. Kisha msichana mmoja akauliza, "Halafu? Walimkamata?" Wote wakanyamaza wakisubiri.

Mkurugenzi akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Soma, bibi wee, usituweke roho juu!"

Garini akaniambia kazi nimepata. Nililia kwa faraja mpaka Ibra, wala sikuona haya.

Baadaye nilihamishiwa Nizwa, kisha Sur, chini ya wakuu wapole na wakali, hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza kama simwonei aibu mtunzi wangu, mtu asiyejua falaji. Hata kidogo. Watoto wa Bidiya walimgombeza shujaa wake kama mtoto wa jirani, kisha wakataka kujua kama yu salama.