Mkono wa Kulia, Sikio la Kushoto

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa kuingia Arusha. Sabuni za kunukia zilirudi madukani, zikaja redio za kila ukubwa na viatu vya kila mguu, na mimi mwenyewe nilikuwa nauza makoti ya Wazungu nisiowajua, yaliyokuja yamefungwa marobota, kwenye gulio la Ngaramtoni. Kila kitu kiliingia. Mwanangu tu ndiye aliyekataliwa kuingia Darasa la Kwanza.

Binti yangu alizaliwa kwa shida. Nilikaa na uchungu muda mrefu mno, akatoka amechoka, na mkono wake wa kulia ukabaki umekunjwa kifuani kama wa mtu aliyekumbatia kuku. Mguu wa upande huohuo aliuburuta kidogo. Mengine yote yalikuwa sawasawa, na mdomo ulizidi. Bado mdogo kabisa alikuwa anakaa juu ya robota langu anaita wateja: "Mama, njoo, gauni lako linakungoja hapa!" Watu wanacheka, wananunua. Majirani walikuwa wakiniambia, "Pole dada, Mungu amekupa mtihani." Nawajibu, "Kama mtihani nimepewa mimi, mbona anafelishwa yeye?" Mdomo ule binti yangu hakuuokota barabarani.

Sasa, enzi hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vitu vya watu wachache. Kwetu umri ulipimwa kwa sikio. Januari watoto wanapangwa mstari mbele ya ofisi, mwalimu anaamuru: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, uguse sikio la kushoto. Ukigusa, umekua. Usipogusa, rudi nyumbani ukanywe uji. Mimi mwenyewe niliandikishwa hivyo, huko kwetu Umeruni kwenye migomba na kahawa. Mama yangu alinivuta mkono kila jioni kabla ya siku yenyewe, na asubuhi akaninong'oneza, "Ukifika pale inamisha shingo kidogo, Mungu ataelewa."

Mwanangu hata angeinamisha shingo mpaka begani, mkono wake wa kulia uliishia kidevuni.

"Hajafika umri," akasema Mwalimu Mkuu, mwanamume mnene, nadhifu, mwenye kupenda nguo.

Nikatoa kadi ya kliniki.

"Kadi zinadanganya, mama. Sikio halidanganyi."

"Wa kushoto unafika, mwalimu. Unafika na kupitiliza. Mwone."

"Hapa tunatumia wa kulia. Wa kushoto una kazi yake, unaijua." Wazazi wakacheka. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayenifanyia hisani. "Na hata hivyo, watoto kama hawa wana shule zao."

"Ziko wapi?"

"Mbali kidogo. Ila wanalala hukohuko, unapumzika."

Nani alimwambia nimechoka? Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nabeba robota begani peke yangu, eti nipumzike na mtoto wangu! Niliondoka nikiwa nimeuma meno mpaka yakauma siku iliyofuata.

Mwaka mzima akakaa mlangoni anawaangalia wenzake wakipita na mifagio na vidumu vya maji kwenda shule. Wenzake haohao aliokuwa akiwashinda kuhesabu. Siku moja akaniuliza, "Mama, sikio langu lina nini?"

"Halina kitu."

"Mkono je?"

"Nao hauna kitu."

"Basi mwalimu ana nini?"



Mama yangu akashuka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi na chupa ya mafuta ya nyonyo. Alitaka kuunyoosha ule mkono, kwa kuukanda na kuuvuta, kama alivyonivuta mimi. Mtoto alipiga kelele nyumba ikatikisika. Nikamnyang'anya ile chupa. "Mama, kinachotakiwa kunyooshwa si mkono."

"Basi nyoosha unachotaka," akasema, "ila niahidi hutamtukana mwalimu. Mwalimu hatukanwi." Mama yangu ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Nikaahidi, na ahadi ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Katikati ya mwaka Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe gulioni. Akaliona koti moja la kahawia, lina viraka vya ngozi kwenye viwiko, akalipenda palepale. Akalivaa. Vifungo vilifunga, ila mabega yalilia.

"Linakubana makwapani, mwalimu."

"Litalegea."

"Koti si kiatu, mwalimu."

"We mama, nifungie niondoke nalo."

Binti yangu, juu ya robota, akamwamkia, "Shikamoo mwalimu! Umependeza!"

"Marahaba. Huyu mtoto ana akili," akasema, bila kumkumbuka.

"Ndiyo," nikamjibu, "na masikio anayo mawili." Sikuendelea. Biashara ni biashara.

Januari ikarudi. Nikamvalisha sare niliyomshonea tangu mwaka uliopita, nikaishusha pindo maana alikuwa amerefuka. Mbele ya ofisi yuko mwalimu wa Darasa la Kwanza, mama mtu mzima mwenye miwani, anaandika majina, na Mwalimu Mkuu ndani ya koti la kahawia, jua lote lile, anakagua masikio. Mtoto aliyemtangulia wangu alikuwa mdogo kama kifaranga, ila ana mikono mirefu. Amepita!

Wangu akainua wa kushoto, akashika sikio la kulia lote, akalivuta na kulivuta.

"Wa kulia," akasema Mwalimu Mkuu.

Wa kulia ukafika kidevuni.

"Mwakani."

Damu ilinipanda mpaka nikaona mlima wenyewe umekuwa mwekundu. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikapiga goti kidogo, kwa adabu zote. "Mwalimu, samahani, naona mtoto hajaelewa. Naomba umwonyeshe wewe mwenyewe."

Na yeye, mbele ya umati, akaona hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote duniani. "Hivi!" akasema, akaurusha mkono juu.

Mkono ukafika utosini ukasimama. Koti lilikuwa limeushika. Mwalimu akasukuma, uso ukamvimba. Akasukuma tena, kukasikika krrraaa, kwapa lote likafunguka, bitana nyeupe ikachungulia nje. Na sikio bado hajaligusa.

Halafu mwanangu, kwa ile sauti yake ya gulioni, akasema, "Mwalimu naye hajafika umri!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Bibi mmoja alikaa chini kabisa. Yule mwalimu mwenye miwani akaivua akafuta macho, akasema, "Mwalimu Mkuu, atakayekaa naye ni mimi. Nipe huyo mtoto. Mdomo huo nina kazi nao."

Mwalimu Mkuu alikuwa amebana kwapa kama mwenye kuficha kipimajoto. "Mwandike," akasema. "Kwa majaribio."

"Majaribio ya nini?" nikaanza.

"Mama, umeshinda, nyamaza," yule mwalimu akaninong'oneza, akaandika.

Darasani walikaa watatu dawati moja, na yeye wakamweka katikati. Anaandika kwa kushoto, kiwiko kinampiga jirani mbavuni, jirani anapiga kelele. Ungeitishwa mkutano wa wazazi tungejadili mpaka leo. Wale watoto walisukumana wenyewe kabla ya mapumziko, wakamhamishia mwisho wa dawati, upande wa kushoto, kiwiko kikaning'inia hewani hakimgusi mtu. Kesi ikaisha.

Kisha siku moja akarudi analia. Nikachukua khanga, tayari kwa vita. "Nani kakupiga?"

"Hakuna. Mwalimu wa zamu kasema nikae, nisifagie."

Nilirudi shuleni kudai mwanangu afagie uwanja. Mwalimu wa zamu alinitazama kama nimerukwa na akili. Kesho yake akafagia, kwa mkono mmoja, vumbi kama ng'ombe wanapita.

Koti nalo lililetwa kwangu. Nililishona, nikaliongezea kitambaa makwapani, kipana cha kumtosha mtu kushika sikio lake bila aibu. Mwalimu Mkuu alinishukuru, na mimi nikamwambia karibu tena. Ila mwaka ule mwanangu aliokaa mlangoni sikumsamehe, na simsamehe.

Januari iliyofuata nilipita shuleni nikiwa na robota begani. Watoto wapya walikuwa mstarini, wanatetemeka. Mwalimu mwenye miwani akamwita wangu kutoka Darasa la Pili. "Njoo uwaonyeshe."

Akasimama mbele, akainua mkono wa kushoto, akashika sikio la kulia. Na mstari mzima, kwa kuwa ndicho walichoonyeshwa, ukainua mikono ya kushoto.

Mwalimu Mkuu akafungua mdomo. Akautazama mstari ule mwanzo mpaka mwisho, akanitazama na mimi niliyesimama pale na robota langu.

"Waandike," akasema.