Kwato Kwenye Ukingo wa Bakuli

Siku moja mwaka huu nilikwenda sokoni Kau kutafuta chumvi, nikamkuta mwanamke mfugaji wa Kiorma ameketi kivulini akiuza maziwa. Maziwa aliyatia kwenye debe la mafuta ya taa, maana siku hizi kila kitu ni debe, na alikuwa akipimia kwa bakuli dogo la kibuyu lililokwisha kuwa jeusi kwa uzee. Alipoliinua kunimiminia, niliona miguu ya ng'ombe imechorwa kulizunguka. Kwato na magoti tu. Juu ya magoti, ukingo umekatwa. Rafiki yangu, chumvi niliisahau. Bakuli lile lilitoka nyumbani kwetu Chara, mikononi mwa shangazi yangu.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mguu wake mmoja ulikuwa umelemaa tangu ujana, hivyo hakuweza kulima ukingoni mwa mto kama wanawake wenzake. Aliishi kwa vibuyu. Alivipanda nyuma ya nyumba, akavichuma vikikauka, akavilowesha mpaka nyama ya ndani ioze na majirani watutukane kwa uvundo, halafu akavisugua kwa mchanga. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza: chuma chembamba kwenye makaa, na mkono wake ukitembea juu ya ganda bila kusita. Ile harufu ya ganda linaloungua, kama mahindi yaliyosahauliwa jikoni, mpaka leo ikinipita hugeuka kumtafuta. Alikuwa mkali. Ukimsemesha akiwa na chuma mkononi, utajuta.

Wanunuzi wake wakubwa walikuwa wafugaji, na bei haikuwa na mjadala. Bei ya kibuyu ilikuwa ujazo wake. Mnunuzi alikijaza maziwa au samli, shangazi akamimina kwenye chungu chake, na kibuyu kikaondoka kikiwa bado kimelowa. Kisichojazwa hakikutoka. Watu wa mtoni na wa nyikani waliamini kuwa kibuyu kikitoka kwa fundi kikavu, kinakwenda kukausha zizi litakalokipokea. Kwa hiyo sisi, ambao hatukuwa na hata ndama, tulikunywa maziwa kila siku. Nilikuwa na mashavu, usinione hivi.

Kisha ikaja sotoka, tauni ya mifugo. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, walikufa wakielekea majini, na mto ukawa unateremsha mizoga siku nenda siku rudi. Tulichota maji kwa kuziba pua. Wafugaji tuliozoea kuwasikia kwa kengele za mifugo walipita kimya, na fimbo zao tu. Vibuyu vya shangazi vilibaki darini, vikigongana kila upepo ulipovuma, na hakuna aliyeviulizia.

Jirani yetu, ambaye alikuwa na ushauri kwa kila mtu isipokuwa mumewe, alikuja akamwambia aache mapambo, atengeneze vibuyu vitupu vya kuchotea maji.

"Nikiacha nakshi," shangazi akamjibu, "basi tena, nauza mboga."

Alichofanya ni kuvipunguza. Bei ni ujazo? Basi ujazo na uwe mdogo. Akaanza kuvifunga kwa ukindu vikiwa vichanga kwenye mmea ili visinenepe, akatengeneza vya tumbaku, vya asali, vya mafuta ya nywele. Nakshi hakuipunguza, aliibana tu. Watu walicheka, lakini walinunua, kwa konzi ya mahindi, kwa samaki wakavu, kwa chochote kilichoenea ndani. Ndivyo tulivyokula. Na kadiri njaa ilivyozidi ndivyo vibuyu vilivyozidi kuwa vidogo na vizuri, nami nikavichukia kwa uzuri wao, kwa sababu kila kilivyopendeza ndivyo tumbo langu lilivyolala tupu.

Kimoja tu kilibaki kikubwa. Kabla ya sotoka, mama mmoja mfugaji alikuwa ameagiza kibuyu cha maziwa cha harusi ya binti yake. Alishinda kwetu mchana kutwa akimweleza shangazi ng'ombe wake mmoja mmoja: huyu pembe imeinama, huyu ana baka ubavuni, huyu mkorofi. Shangazi aliwachora wote, wanatembea kukizunguka kibuyu kama wanaokwenda kunywa maji. Sijaona kazi nyingine kama ile, na sasa sitaiona.

Yule mama alikuja siku ya harusi yenyewe, amekonda, amebeba chombo kimoja chenye maziwa kidogo chini kabisa.

"Ng'ombe kwisha, dada," alisema. "Moja tu imebaki. Maziwa ni hii."

Shangazi alimshushia kibuyu. Yule mama alikipakata, akapitisha kidole juu ya ng'ombe wake akiwataja majina, na mimi mtoto nilielewa kuwa anawataja maiti. Jirani, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akasema jamani mpeni tu, mwaka wenyewe ni huu. Mama mfugaji alikirudisha haraka kama kimemuunguza.

"Hapana. Kibuyu kavu kwa bibi harusi, hapana."

Akainuka aende zake.

"Kaa," shangazi akasema.

Aliyatazama yale maziwa, akakitazama kibuyu. Kisha akachukua kisu chake cha meno na kuanza kukata. Kwanza ilitoka shingo, pamoja na vichwa na pembe zote. Bado kilikuwa kikubwa. Akakata tena, ukatoka mviringo wenye migongo. Bado. Ukatoka mviringo wenye matumbo na viwele. Yule mama alijifunika uso kwa nguo. Nilitaka kulia nikaogopa, kwa kuwa shangazi mwenyewe alikuwa halii, ameuma mdomo tu. Kilichobaki kilikuwa bakuli la kuenea mkononi, na kwato ukingoni.

"Mimina."

Maziwa yalifika ukingoni yakatulia, hayakumwagika wala hayakupungua. Shangazi aliyahamishia kwenye chungu, akamkabidhi bakuli likiwa limelowa. "Limejazwa," akamwambia. "Nenda ukaoze binti."

Maziwa yale nilipewa mimi, yakanishinda kumeza. Ile miviringo miwili shangazi aliisukuma motoni siku ileile. Shingo aliitundika juu ya kitanda chake. Vibuyu vidogo aliendelea kuvitengeneza na kuviuza, tukavuka, lakini ng'ombe hakuwachora tena. Alifariki kabla mazizi hayajajaa upya. Kisha madebe yakaja, na debe halina fundi wa kumjazia.

Yote haya nilimweleza yule muuza maziwa pale Kau, maana nilipomuuliza alisema bakuli alipewa na mama yake siku ya harusi: ndiye aliyekuwa bibi harusi. Mama yake naye amekwisha kufariki. Kibuyu kizima hakuwahi kukiona.

"Mama alisema ng'ombe yetu yote ilikuwa hapa," aliniambia, akiligeuza bakuli. "Mimi naona miguu tu. Miguu haina jina."

Soko lililofuata nilirudi na ile shingo ya kibuyu. Aliitazama mara moja tu akaanza kuwataja ng'ombe kwa majina, pembe kwa pembe, bila kukosea. Tukaishika juu ya bakuli, pembe zikaelekeana na kwato, na katikati palikuwa wazi. Alipitisha mkono pale palipokuwa na matumbo.

Nilimwambia ni yako, ichukue. Akatikisa kichwa kama mama yake. Kavu hawezi. Akateka maziwa kwa bakuli, akamimina ndani ya shingo, nami nikaweka kiganja chini kuzuia. Yakapenya vidoleni, yakaishia mchangani. Akamimina tena, polepole, nami nikabana vidole kwa nguvu zangu zote. Yakapita.

Tulicheka kidogo kwanza. Kisha akajifunika uso kwa nguo, na safari hii mimi pia nikalia. Jioni yeye aliondoka na bakuli lake, nami nikarudi Chara na ile shingo, nikaitundika palepale ilipokuwa.